Pale Lilipokaa Kabati la Mama Tumaini

Siku ile niliyoshuka Pugu na roli la waya begani naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyochekwa na barabara nzima. Nilikuwa kijana wa nguvu, fundi marumaru, nimepanga chumba Kiwalani, na jina langu lilikuwa limeshaanza kutembea lenyewe. Shule niliiachia darasa la nne kule Newala. Hilo silifichi wala silionei haya, kwa sababu kila nyumba niliyoingia na mwiko wangu niliiacha na sakafu ambayo ukimwaga maji yanakwenda yanakotakiwa kwenda. Hakuna aliyenishika mkono kunifundisha. Nilitazama wenzangu, nikaharibu, nikarudia, nikajua. Basi nilikuwa najiona.

Roli lenyewe lilikuwa wavu ulioshonewa waya mwembamba, unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kutoka mwanzo wa wavu mpaka mwisho. Unatandikwa chini ya marumaru, unaunganishwa na umeme, sakafu inapata joto. Ndiyo, joto. Dar es Salaam hii hii, ambako mwezi wa pili mtu mzima anaacha godoro lake na kwenda kulala kifua wazi juu ya sakafu akitafuta ubaridi. Vijana wa bodaboda kijiweni waliniuliza nimebeba nini, na mie kwa kupenda kujieleza nikawaeleza. Mmoja akasema, "Braza, ukimaliza kwa mzee pitia na kwangu, wife kila siku ananiambia nyumba imepoa." Wakavunjika mbavu. Mwingine akataka kujua kama huyo mzee anakaangwa au anachemshwa.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Sanga, mtu wa Makete, kule kwenye baridi la kuuma masikio. Alikuja Dar akiwa kijana, akapata kazi bandarini, kwenye chumba cha barafu walimokuwa wakihifadhi samaki. Wenzake wa Temeke wanatokwa jasho nje, yeye yumo ndani na koti na mabuti, anapanga maboksi. Alifanya kazi hiyo mpaka akastaafu, na baridi ile ikamwingia miguuni, haikutoka tena. Ungemshika nyayo saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, ungedhani umeshika chupa iliyotoka kwenye friji. Asubuhi ndiyo ilikuwa balaa. Magoti yamekaza, vidole havikunjiki, akikanyaga saruji anasimama kwanza, ameshika ukuta, anaingoja miguu imkubalie.

Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa ameshafariki, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Makete. Mzee akabaki peke yake Pugu. Alikihamisha kitanda chake kutoka chumbani akakileta sebuleni, na nilipomuuliza kwa nini, alisema sebuleni anasikia watu wakipita barabarani. Wakati ule niliona ni mambo ya wazee tu. Leo, mwanangu, kitanda changu na mie kiko upande wa barabara, na simcheki mtu.

Asubuhi moja Mzee alianguka mlangoni mwa choo. Alilala pale mpaka muuza maziwa alipokuja kugonga. Binti yake Tumaini, mwalimu, alikuwa akikaa Kinondoni kwenye nyumba ya ghorofa na wanawe. Alikuja mbio, akasema sasa basi, baba atafunga nyumba na kuhamia kwake. Usimwone mbaya. Aliogopa siku moja atapigiwa simu na mtu asiyemjua. Lakini Mzee hakutaka kutoka pale, na alipoambiwa habari ya kuhama aliacha kula. Ndipo mdogo wake Tumaini, aliyekuwa akifanya kazi huko kwenye nchi za theluji, akakumbuka kwamba nyumba aliyopanga ina sakafu ya joto. Akalinunua lile roli akampa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani.

Wakakubaliana ndugu wawili kwa simu. Sakafu itawekwa. Baba akiweza kuamka na kutembea mwenyewe asubuhi, atabaki kwake. Akishindwa, au kitu chenyewe kikiharibika, atahamia ghorofani Kinondoni na nyumba itapangishwa. Na roli lilikuwa hilo hilo moja. La pili halikuwepo Kariakoo wala kwingine kokote. Tumaini alikuja siku niliyoanza kazi na begi kubwa tupu, akaliweka nyuma ya mlango. Hakusema la nini. Mzee aliliona, na mie nililiona.

Sasa nikwambie ya kazi kidogo, huenda siku moja ukakutana nayo. Waya ule hauwekwi chini ya kitu kizito kilichokaa chini kabisa na kisichohama, kabati kwa mfano. Joto litakosa pa kutokea, litajirundika, waya utaungua, na ukiungua chini ya marumaru kazi yako imekwisha, labda uvunje sakafu yote. Wavu unaweza kuukata ili ugeuze njia. Waya hukati, hata kidogo. Na lazima uutandaze wote, huwezi kubakiza kipande ukakikunja pembeni. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa lugha za watu, lakini ilikuwa na picha, na picha nilizikodolea macho mpaka zikanikubali. Kwa hiyo kabla ya kufungua roli, mwenye nyumba anachora sakafuni kwa chaki kila kitu kitakapokaa. Kikishachorwa kimechorwa. Hapo ndipo kitakapokaa miaka yote.

Nikampa Mzee chaki. Akainama kwa taabu, akachora miguu ya kitanda, akachora meza, kisha akachora kabati.

Lile kabati lilikuwa la mafundi wa Keko, na seremala alikuwa amelipaka rangi ya mninga, ingawa jicho langu liliona ni paini tupu, mbao laini ya bei rahisi. Lilikuwa na milango ya vioo, sahani za wageni ndani, vikombe vya maua, na juu yake vitambaa vya kufuma alivyofuma marehemu kwa mkono wake. Lakini lilikaa vibaya mno. Lilikuwa limetokeza kutoka ukutani, likaziba nusu ya njia ya kutoka kitandani kwenda chooni. Mtu yeyote angeona kwamba linatakiwa kuondoka. Nikasema tulipeleke chumbani, maana chumba kimebaki kitupu. Tumaini akaniunga mkono. Mzee akatikisa kichwa na kuendelea kuikoleza ile mistari ya chaki.

Mie nilikuwa na haraka, na sikuzoea kubishiwa kwenye kazi yangu.

"Mzee, chagua," nikamwambia. "Kabati au miguu."

Tumaini akatazama chini. Mzee akaiweka chaki kitandani, akaniambia nikae. Nikamjibu kwamba nina kazi. Akaniambia tena, kwa sauti ile ile, bila kuipandisha. Nikakaa pale pale kwenye saruji na nguo zangu za vumbi.

"Umeniuliza kila kitu kitakaa wapi, nikakuonyesha," akasema. "Hujaniuliza hata kimoja kilikuwa cha nani."

Nikaitazama ile mistari ya chaki.

"Wewe ni fundi mzuri, kijana, mikono yako nimeiona. Ila umeingia kwenye nyumba ya mfiwa unaongea kama dalali."

Mwanangu, nimetukanwa sana katika maisha yangu. Nimetukanwa na matajiri, na wake wa matajiri, na madereva wa malori ya mchanga. Hakuna tusi lililokaa kama lile neno dalali, na mzee wa watu hakuwa ametukana.

Ndipo akanieleza. Kabati walilinunua wakiwa bado wapangaji, likaletwa Pugu juu ya gari la mkaa, na Mama Tumaini alikaa huko nyuma amelikumbatia njia nzima vioo visivunjike. Ukuta ule ulikuwa ukivuja mvua za masika, ndiyo maana akalisogeza mbele. Ukuta ukatengenezwa, kabati halikurudi, kwa sababu lilikuwa limeshapata kazi nyingine. Mzee akitoka bandarini miguu imekufa ganzi, alikuwa akilishika kabati kwa mkono mmoja huku mkewe anamvua mabuti. Kisha analetewa kigoda na beseni la maji ya moto yenye chumvi. Anakaa hapo, mgongo kwenye kabati, miguu kwenye beseni, mkewe anafuma au anamsimulia habari za majirani, mpaka maji yapoe. Siku zote za kazi yake walifanya hivyo. Alipostaafu wakaendelea. Hata mama alipoanza kuumwa yeye mwenyewe, alibandika maji.

"Sasa mnaniletea waya," akasema. "Nimekubali. Nataka kukaa kwangu. Lakini hilo msiliguse."

Tumaini alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Alizaliwa na kukulia humo, akaliona beseni lile kila jioni, na nadhani siku zote aliliona beseni tu.

Nikarudi Kiwalani bila kufanya kazi. Kesho yake nilikuja na furushi la magazeti makuukuu. Nikayakata kwa upana wa wavu, nikayatandika sakafuni badala ya waya, nikawa nayageuza na kuyahamisha kutafuta njia ya kulizunguka kabati lile bila kubakiza kitu. Kila nilivyopanga, mkia ulibaki. Nikapanga upya. Mzee alikaa kitandani ananitazama, na safari hii alipoleta chai sikusema nina haraka. Tukanywa, tukala mihogo, yeye kitandani, mie chini. Akaniuliza kwetu wapi, mama yangu yu hai, lini nilikwenda mara ya mwisho. Nikamjibu. Sikuwahi kuulizwa maswali hayo na mwenye nyumba yeyote. Wenye nyumba wanauliza utamaliza lini.

Hatimaye mkia ule uliobaki nikaupeleka mlangoni mwa choo, pale pale alipoangukia. Ukatosha, ukaisha. Njia yote kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa na waya, isipokuwa ile nafasi ya kabati, ambayo waya uliizunguka ukaiacha tupu.

Sakafu niliishika kama yai. Kwanza nikatandika mabamba ya povu gumu ili joto lisipotelee ardhini, kisha wavu, nikaubandika. Fundi umeme wa Gongo la Mboto akaupima kwa mita kabla sijatandika, akaupima nilipotandika, akaupima tena marumaru zilipokwisha kulala, kwa sababu meno ya mwiko yakiugusa waya hutajua mpaka siku ya kuwasha. Kila marumaru niliigonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Moja ililia kama debe tupu. Chini yake palikuwa na hewa, na hewa juu ya waya ule ni adui. Nikaing'oa taratibu mwiko usiguse waya, nikajaza gundi upya, nikairudisha. Tumaini alisimama mlangoni mpaka nilipoigonga tena ikaitika sawasawa. Kabati tulilinyanyua sisi wanaume wawili, mie na fundi umeme, nikaweka marumaru za kawaida chini yake, bila waya, tukalirudisha pale pale Mzee alipokuwa amepachora.

Baada ya hapo ni kungoja. Gundi inatakiwa ikauke yenyewe kwa wiki kadhaa. Ukiwasha mapema marumaru zinapasuka. Mzee alikuwa akinipigia kwenye kile kisimu changu cha kubonyeza, anauliza kama imekauka, nami najibu bado. Nikagundua anapiga hata anapojua kwamba bado.

Siku ya kuwasha ilikuwa ya kipupwe, baridi kidogo ya Pugu inayoshuka kutoka msituni. Tumaini alilala pale usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilifika alfajiri kumepambazuka, nikamkuta ameshavaa, begi lake kubwa liko palepale nyuma ya mlango. Nikawasha, tukangoja mpaka sakafu ikashika joto. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu iko hewani. Akaishusha. Akaiacha hapo kwa muda mrefu, nami moyoni nikasema nimemharibia mzee wa watu nyumba yake, maana uso wake haukusema chochote.

Akasimama. Hakushika ukuta. Akatembea polepole, kama mtu anayevuka kijito. Alipofika kwenye kabati akapeleka mkono akaligusa ubavuni, akapita, akafika mlangoni mwa choo, akaingia, akafunga.

Tumaini akamfuata mpaka mlangoni akasimama.

"Tumaini," sauti ikatoka ndani, "usinisimamie kama mtoto."

Alicheka yule mwanamke, kisha akakaa chini kwenye sakafu ile ya moto, akajifunika uso kwa kanga. Jioni alirudi Kinondoni na begi lake tupu kama alivyolileta.

Nisikudanganye, mwanangu, kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri yote. Sakafu ile ilimpa Mzee miguu, haikumpa mtu wa kuzungumza naye. Watu walikuja wiki za mwanzo kushangaa, wakavua viatu, wakakanyaga, wakacheka, wakaondoka kwa sababu joto liliwashinda. Kisha hawakuja tena. Mie nilikuwa nikipita nikiwa na kazi upande ule. Nilikuta ameshakunywa chai yake, redio inaongea, na sakafu imeoshwa inang'aa, haina alama ya mguu wa mtu mwingine. Alikuwa akitafuta sababu za kunichelewesha, nami nilichelewa kadiri nilivyoweza, na siku nyingine sikuweza.

Miaka ikapita, mchwa wakaliingia lile kabati. Nilisema ni paini. Walilila kutoka nyuma kimyakimya mpaka siku moja likakaa chini lenyewe, vioo vikavunjika. Tumaini akaniita. Alichukua vitambaa na sahani zilizosalia, mbao tukazitoa nje. Pakabaki marumaru tupu, safi kuliko nyingine kwa sababu hazijawahi kuona jua. Tumaini akaniuliza kama sasa naweza kuvunja hapo niweke kipande kidogo cha waya chake peke yake, ili baba asiwe anakanyaga baridi katikati ya njia. Nilijua inawezekana. Siku zile vipande vidogo vilikuwa vimeanza kupatikana mjini.

Safari hii nilijua pa kuanzia. Nikamgeukia Mzee nikamuuliza yeye.

Alikuwa amesimama pekupeku kwenye ile nafasi, katikati yake kabisa.

"Hapa pana mwenyewe," akasema. "Paacheni."

Nikafunga mfuko wangu wa vyombo. Tumaini hakubisha. Alivua viatu akaenda kusimama pale na baba yake, wamebanana, kwa sababu nafasi haikuwa kubwa.

Mzee Sanga hakuhamia Kinondoni. Aliishi Pugu mpaka siku zake zilipokwisha, akafia kitandani pake, sebuleni, upande wa barabara. Walimsafirisha Makete, akalazwa ubavuni pa mkewe kwenye baridi lao. Nami nilikwenda. Ni safari ndefu kwa fundi aliyekuja tu kuweka sakafu, na watu wa kule waliniuliza mie ni nani kwa marehemu. Nikasema ni jirani.

Sasa nisikilize. Mie ni mzee wa maneno machache na shule sina, kwa hiyo nitasema waziwazi. Ukijua kazi, ijue kwelikweli. Usikate usichotakiwa kukata, usifunike usichokipima, na ukisikia kitu kinalia vibaya king'oe siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na wengi wataishia hapo na kujiita mafundi.

Nusu ya pili sikuifundishwa na mtu wa kazi. Ukiingia kwenye nyumba ya mtu aliyebaki peke yake, usiwe mwepesi kumwambia toa hiki, hamisha kile, hiki kinaziba njia. Uliza kwanza. Kaa chini, hata kama nguo zako ni za vumbi, kunywa chai yake, usikilize. Kinachokuzibia wewe njia huenda ndicho kinachomshika yeye asianguke. Na akikwambia mahali fulani paachwe kama palivyo, paache, upange kazi yako ipite pembeni, jasho litoke lako, lisiwe lake. Ukiwa na baba au mama wa namna hiyo, usimtumie vitu tu. Vitu ni vizuri, mie mwenyewe nimeviweka. Lakini nenda ukae naye mpaka chai ipoe.

Nakuombea, mwanangu, mikono yako iwe na kazi na kazi yako iwe na heshima. Mola akupe mtu wa kukupasha miguu utokapo kwenye baridi ya dunia, akuwekee huyo mtu umri mrefu. Na siku ukibaki wewe, akujaalie wa kugonga mlango wako, na aingie, avue viatu, akae.